Mtoto Hana Makaratasi, Barua ya Chuo Imefika: Jimbo Lipi, Njia Ipi?

Simu za wazazi kuhusu ada huanza mwezi wa tatu, barua za vyuo zikishafika. Ninayoikumbuka zaidi ilitoka kwa mama mmoja wa Mbeya anayeishi nje kidogo ya Atlanta, jimbo la Georgia. Binti yake aliingia Marekani na viza ya matembezi akiwa na miaka sita. Viza ikaisha, wakabaki. Sasa yuko darasa la 12 na alama zake zinang'aa. "Dada," mama akaniambia, "mtoto wa mdogo wangu yuko Oakland, California. Hana makaratasi kama huyu wangu. Chuo chake ni cha serikali kama cha huyu wangu. Mbona yeye analipa hela ya kawaida, na mimi nimeletewa bili kama ya mtoto wa waziri?"

Kwa mtoto asiye na makaratasi, bei ya chuo haitegemei sana jina la chuo. Inategemea jimbo, na droo ambayo ofisi ya usajili itamtia: droo ya mkazi au droo ya mgeni. Kwa hiyo sitaanza na majina ya vyuo. Nitaweka majimbo ubavuni kwa ubavu, kisha njia zenyewe: kuhama, chuo cha jamii (cha umma, cha miaka miwili), chuo binafsi chenye hela, na ile wanayoipenda wajomba wote, "mrudisheni nyumbani asome". Zipo ninazozipenda na zisizonipendeza, nami sitaficha.

Chimbuko la mkanganyiko ni hili. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Plyler v. Doe, iliamua kwamba shule za umma haziwezi kumfukuza mtoto kwa sababu ya uhamiaji. Ulinzi huo unaishia darasa la 12. Kuanzia chuo, hakuna sheria ya serikali kuu inayokataza mtoto huyu kudahiliwa, ila msaada wa masomo wa serikali kuu amefungiwa: ruzuku ya Pell, ambayo mwaka 2025/26 hufika dola 7,395, haimhusu, wala mikopo ya serikali kuu. Kisha sheria ya 1996 ikakataza majimbo kumpa asiye na makaratasi nafuu ya ada kwa kigezo cha ukazi, ikiwa raia wa jimbo jingine hapewi nafuu hiyohiyo. Majimbo yenye huruma yakapita ubavuni: mengi yakaweka kigezo cha sekondari uliyosoma badala ya mahali unapoishi. Ndiyo maana fomu nyingi zitakuuliza ulisoma wapi na miaka mingapi.

Kwanza, mtoto yuko kundi gani?

Neno "hana makaratasi" tunalitupa kama wavu, linazoa hata wasiohusika. Kijana wa Kikongo aliyetoka Nyarugusu au Kakuma akaletwa na mpango wa wakimbizi ana makaratasi kamili. Anajaza FAFSA, fomu ya msaada ya serikali kuu, kama jirani yake raia, na hahitaji kungoja uraia. Nimeshakutana na vijana wawili wa namna hiyo waliopoteza mwaka mzima kwa sababu mtu kanisani aliwaambia FAFSA ni ya raia tu. Aliyekwisha kupewa hifadhi rasmi naye yumo. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri hayumo, hata kama ana kibali cha kazi mfukoni. Huyo anategemea sheria ya jimbo lake.

DACA je? Mpango huo, unaowakinga na kufukuzwa nchini na kuwapa kibali cha kazi baadhi ya walioletwa wakiwa watoto, ulitangazwa tarehe 15 Juni 2012, na ulitaka mtu awe amekaa Marekani mfululizo tangu 15 Juni 2007. Piga hesabu: anayemaliza darasa la 12 siku hizi alikuwa mchanga wakati huo, au hajazaliwa. Isitoshe, tangu uamuzi wa mahakama ya Texas wa Julai 2021 maombi mapya hayaidhinishwi. Ukisoma tovuti ya chuo ikisema "tunawakaribisha wanafunzi wa DACA", usishangilie bado. Uliza kama wasio na DACA nao wanakaribishwa, kwa maana vyuo vingi bado vinaandika kana kwamba tuko 2013.

Halafu kuna familia zetu nyingi zilizochanganyika: kifungua mimba alizaliwa Mwanza, kitinda mimba kazaliwa Houston. Aliyezaliwa Marekani ni raia na FAFSA ni haki yake, hata kama wazazi hawana namba ya Social Security (ya hifadhi ya jamii). Lakini taarifa za mzazi zitaingia serikali kuu, na hilo familia ipime yenyewe, ikiwezekana pamoja na wakili. California imetoa njia ya pembeni: tangu 2024 mtoto wa familia ya namna hii anaweza kujaza fomu ya jimbo badala ya FAFSA. Atapata hela za jimbo tu, atakosa za serikali kuu, ila jina la mzazi halifiki Washington, D.C.

Na hili nalisema kwa sauti ya juu: mtoto asiye raia asiweke alama kwenye kisanduku cha "raia wa Marekani", popote, kwa sababu yoyote, hata kama fomu inakataa kuendelea mbele. Kudai uraia kwa uongo ni kosa linaloweza kumfungia mtu grinikadi maisha yake yote, hata akija kuoana na raia. Wapo wanaojiita wajuzi wa makaratasi watakaokuambia "weka tu, hawaangalii". Hao wakae na fomu zao.

Majimbo ubavuni kwa ubavu

California ndiyo niliyoijua mwanzo, na ndiyo yenye milango mingi. Sheria ya AB 540 ya 2001 inatoa ada ya mkazi kwa aliyesoma California miaka mitatu akamaliza huko. Mwaka 2017 ikapanuliwa, muda wa shule ya watu wazima na wa chuo cha jamii nao ukahesabiwa. Unasaini hati ya kiapo, basi. Mwaka 2011 jimbo likaongeza msaada wa masomo kupitia fomu yake, California Dream Act Application. Kwa fomu hiyo mtoto anaweza kupata Cal Grant, yaani ruzuku ya jimbo, ruzuku za chuo chenyewe, na msamaha wa ada katika vyuo vya jamii. Angalia tofauti ya bei: katika California State University ada ya mkazi mwaka 2025/26 ni dola 6,450, na imepangwa kupanda asilimia 6 kila mwaka. Katika University of California, mgeni mpya huongezewa zaidi ya dola 37,000 juu ya ada ya mkazi. Hiyo nyongeza peke yake ndiyo AB 540 inaifuta.

New York nayo imetimia, kwa sura tofauti. Ada ya mkazi ipo tangu 2002 kwa aliyesoma sekondari ya New York miaka miwili au zaidi, akamaliza, na akaomba chuo ndani ya miaka mitano. Hata cheti cha kulingana na sekondari kilichopatikana New York kinafaa. Msaada wa jimbo ulikawia hadi 2019, katika sheria iliyopewa jina la seneta José Peralta wa Queens, aliyeipigania miaka mingi akafariki miezi michache kabla haijapita. CUNY, mfumo wa vyuo vya umma vya Jiji la New York, ni dola 6,930 kwa mwaka katika vyuo vya miaka minne na 4,800 katika vyuo vya jamii, na ruzuku ya jimbo ya TAP hufika dola 5,665. Ukiniuliza kati ya hizo mbili, nitakuambia kitu ambacho hakimo katika jedwali la ada: New York mtoto anakwenda chuo kwa treni ya chini ya ardhi. California, nje ya miji michache, bila gari hufiki. Majimbo yote mawili hutoa leseni ya udereva bila kuuliza hali ya uhamiaji, lakini tikiti ya treni haisimamishwi na polisi wa barabarani. Kwa upande mwingine, kodi ya nyumba New York itakula kile ada ilichokiokoa, kama huna shangazi Bronx.

Washington, la Seattle, si mji mkuu, ndilo jimbo ambalo watu wetu hawalizungumzi vya kutosha, ingawa wamejaa Kent na Tukwila. Lilianza 2003, likaongeza msaada wa masomo 2014, na tangu 2021 sharti limelegezwa sana: uwe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, na uwe umeishi jimboni miezi 12 mfululizo kabla ya muhula wa kwanza, kwa sababu kuu isiyokuwa masomo. Cheti hakilazimiki kuwa cha Washington. Fomu yao inaitwa WASFA, na ruzuku yao kuu, Washington College Grant, inaweza kulipa ada yote kwa familia ya kipato cha chini. Mambo ya kuhama yakija, nitarudi hapa.

Minnesota ina Dream Act ya 2013: miaka mitatu ya sekondari ya jimbo, kuhitimu, na ada ya mkazi pamoja na ruzuku za jimbo. Vuli ya 2024 ukaanza mpango wa North Star Promise, unaofuta ada katika vyuo vya umma kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000, na wasio na makaratasi wakawekwa ndani. Wakenya wa Brooklyn Park walishangilia, na walikuwa na haki. Kisha Juni 2025 Idara ya Sheria ya Marekani ikaishitaki Minnesota juu ya mambo hayohayo. Jimbo likaamua kupigana mahakamani.

Texas haikupigana. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kutoa ada ya mkazi, 2001, sheria ikasainiwa na gavana wa Republican, Rick Perry. Tarehe 4 Juni 2025 serikali kuu ilifungua kesi, na siku hiyohiyo jimbo likakubali kushindwa. Jaji akaifuta sheria ya miaka 24 kabla ya jua kutua. Wanafunzi waliolala wakazi wakaamka wageni, wengine wakiwa wamebakiza mwaka mmoja. Oklahoma ilifuata mtindo huohuo Agosti 2025. Florida ilikwisha kujifungia yenyewe: bunge lake lilifuta nafuu ya 2014, kuanzia 1 Julai 2025. Kwa hiyo ukipewa ushauri wa Dallas au Orlando na mtu aliyesomesha mtoto 2020, mshukuru, kisha uuweke kando.

Georgia ya yule mama iko upande wa pili kabisa. Tangu 2011 sera ya bodi ya vyuo vya jimbo inamzuia asiye na uhalali wa kukaa nchini kuingia vyuo vyenye ushindani mkubwa, University of Georgia na Georgia Tech vikiwemo. Vyuo vingine vya umma anaweza kuingia, kwa ada ya mgeni. HOPE, ufadhili wa jimbo unaotoka kwenye bahati nasibu, haumhusu hata akiwa wa kwanza darasani. Leseni ya udereva hapewi, na katika jimbo lile kosa dogo la barabarani limewahi kumfikisha mwanafunzi wa chuo kizuizini cha uhamiaji. Alabama na South Carolina ni ngumu zaidi: zimewafungia vyuo vya umma kwa sheria. Hapo hakuna hesabu ya ada ya kufanya, kwa sababu hakuna mlango.

Maryland, kwa Watanzania wa Silver Spring na Wakenya wa Baltimore, iko katikati. Wananchi wenyewe waliipitisha sheria kwa kura Novemba 2012, ila njia yake ya kawaida inapita chuo cha jamii kwanza, na inadai kumbukumbu za kodi ya jimbo. Mzazi ambaye hajawahi kujaza kodi kwa ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, ataumia hapa.

Kuhama: lini inafaa, lini ni kujidanganya

Simu ya mama wa Atlanta ilifika haraka hapa. "Basi nimpeleke Oakland kwa mamake mdogo."

Amechelewa. California inataka miaka mitatu ya masomo ndani ya California, na binti anamaliza darasa la 12 Georgia. Akienda sasa atahesabiwa mgeni, na katika chuo cha jamii mgeni hulipa mamia ya dola kwa kila yuniti (kipimo cha uzito wa somo) ambayo mkazi hulipa dola 46. New York ingewezekana tu kama hajachukua cheti cha Georgia: asome miaka miwili ya sekondari huko, au achukue cheti cha kulingana. Kumwambia mtoto mwenye alama za juu aache cheti chake akachukue kingine ni ushauri ambao mimi siutoi.

Washington ndiyo inayobaki. Familia ikihamia Kent kwa sababu ya kazi au ndugu, mtoto akakaa miezi 12 huku wakitunza ushahidi wa anwani, mwaka unaofuata anaingia kama mkazi na WASFA mkononi. Ni mwaka mmoja wa kusubiri, ambao wazee wetu huuona kama aibu ("mtoto amekaa nyumbani"), lakini ni mwaka mmoja dhidi ya miaka minne ya ada ya mgeni. Tahadhari moja: asijisajili kama mgeni katika miezi hiyo kisha adai hakwenda kwa ajili ya masomo. Ataonekana alikwenda kusoma.

Ninachotamani wazazi wangekijua ni kwamba uamuzi wa kuhama ni wa mtoto wa miaka 14. Anayeingia darasa la 9 bado ana majimbo yote mbele yake. Aliye darasa la 12 ana moja au mawili.

Chuo cha jamii, au moja kwa moja miaka minne?

Wenzetu wengi hukidharau chuo cha jamii. Wanakisikia kama chuo cha walioshindwa, kama vile nyumbani tulivyowatazama waliokwenda veta kusomea ufundi. Kwa mtoto asiye na makaratasi katika jimbo linalompa ada ya mkazi, mimi nakitanguliza.

Hesabu ya California: yuniti 60 kwa dola 46 ni dola 2,760 kwa miaka miwili, na familia ya kipato cha chini husamehewa hata hizo. Kisha anahamia California State University kwa miaka miwili ya mwisho, na ipo shahada maalumu ya uhamisho inayomhakikishia nafasi katika mfumo huo. Hata bila ruzuku hata moja, kwa bei ya 2025/26 ada ya shahada nzima haifiki dola 17,000. Cheti cha mwisho kinaandikwa jina la chuo kikuu, na hakuna anayeuliza ulianzia wapi. Faida ya pili ni uwezo wa kusimama na kuanza tena. Mtoto huyu hana kibali cha kazi, hela ya familia inakuja na kukatika, na chuo cha jamii kinamruhusu achukue masomo mawili muhula huu na matano ujao bila kupoteza alichokwisha kulipia.

Katika Georgia hoja hii inalegea, maana hata chuo kidogo kinamtoza kama mgeni. Hapo linganisha bei ya yuniti moja kwa moja, na usichukue hata somo moja kabla ya kupata kwa maandishi kwamba chuo utakachohamia kitalipokea.

Chuo binafsi chenye hela

Hapa mambo yanapinduka. Vyuo vichache vya binafsi, vile vyenye akiba kubwa, havijali sheria ya jimbo kwa sababu vinalipa kwa mfuko wao. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Bowdoin humdahili mwombaji bila kutazama uwezo wake wa kulipa, awe raia au asiwe, na humjazia pengo lote. Harvard, kuanzia 2025/26, familia yenye kipato cha dola 100,000 au chini kwa kawaida haichangii kitu. Pomona, kule California, humhesabu asiye na makaratasi aliyehitimu sekondari ya Marekani sawa na Mmarekani. Mtoto wa mama anayefanya kazi ya kulea wazee Marietta, Georgia, anaweza kusoma huko kwa hela kidogo kuliko chuo cha umma kilicho maili kumi kutoka kwao.

Ila tusidanganyane. Harvard hukubali chini ya waombaji watano katika kila mia. Vyuo vingine vizuri humtia mtoto droo ya "mwanafunzi wa kimataifa", ambayo mfuko wake ni mdogo na ushindani wake ni wa dunia nzima. Swali la kuuliza ni moja: mtoto aliyesoma sekondari hapa bila makaratasi mnamweka kundi la ndani au la kimataifa? Majibu hutofautiana hata kwa vyuo jirani. Na fomu yao ya msaada, CSS Profile, ni ndefu na inachimba. Mzazi akae nayo siku mbili.

Nje ya vyuo vyenyewe kuna ufadhili wa TheDream.US, ulioanzishwa 2014 mahususi kwa vijana hawa. Una tawi kwa walio kwenye majimbo yaliyofunga milango, Georgia ikiwemo, linalowapeleka kusoma katika vyuo washirika vya majimbo mengine. Una sharti la umri na tarehe ya kuingia nchini, kwa hiyo lisome kabla ya kuota. Kati ya njia zote za binti wa Atlanta, hii ndiyo niliyomwambia aanze nayo usiku uleule.

"Mrudishe nyumbani"

Wajomba wana hoja. Dar es Salaam ada ni ndogo, mtoto atajua kwao, hatalala na hofu. Lakini kuna saa inayohesabu ambayo mjomba aliye Sinza haioni. Siku za kukaa bila uhalali hazihesabiwi kabla ya kufikisha miaka 18. Baada ya hapo, ukipitisha siku 180 kisha ukaondoka, unafungiwa kurudi miaka mitatu; ukifikisha mwaka mmoja, miaka kumi. Adhabu inaanza pale unapotoka. Anayetaka kurudi nyumbani kwa heri, basi, aondoke ndani ya siku 180 baada ya kufikisha miaka 18, na tarehe hiyo ihesabiwe kwa kalenda pamoja na wakili, kwa sababu aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi huhesabiwa kwa namna nyingine. Hata akiwahi, asitegemee kwamba ubalozi utampa viza ya kurudi upesi.

Kuna na lingine. Tanzania, cheti cha nje hupelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, kulinganishwa, na usidhani darasa la 12 la Marekani litahesabiwa papo hapo kuwa kidato cha sita. Na mtoto aliyeondoka na miaka sita Kiswahili chake ni cha jikoni: anaelewa akigombezwa, haandiki barua. Kwa kijana wa miaka 17 mwenye ndugu wa kumpokea na moyo wa kwenda, ni njia halali kabisa. Kwa wa miaka 20 ambaye ana hata uzi mwembamba wa kupata makaratasi huku, kupanda ndege kunaweza kuukata.

Na uuguzi je?

Ndilo swali la mwisho la kila mzazi wetu, na nalielewa; nusu ya nyumba zetu zimejengwa na mishahara ya wauguzi. Shahada inawezekana, shida iko mbele yake. Mazoezi ya hospitali mara nyingi hudai ukaguzi wa rekodi na namba ya Social Security. Baadaye leseni: California iliamua 2014 kwamba leseni za taaluma hazitanyimwa kwa ajili ya uhamiaji na ITIN inatosha, lakini majimbo mengi hayako hivyo. Hata mwenye leseni, sheria ya 1986 inamkataza mwajiri kumwajiri bila kibali cha kazi. Kwa sasa nashauri somo linaloweza kufanyiwa kazi ya kujitegemea kwa ITIN, uhasibu au programu za kompyuta au ubunifu, na uuguzi ubaki kwa siku makaratasi yatakapokaa sawa, maana masomo ya sayansi aliyokwisha kufaulu yanaweza kumsaidia kuanza. Najua wazazi hawalipendi jibu hili.

Kabla ya tarehe 1 Mei, siku ambayo vyuo vingi hutaka amana, piga simu. Usitaje jina la mtoto. Sema: nina ndugu aliyehitimu sekondari hapa na hana namba ya Social Security. Atatozwa ada gani muhula huu, ya mkazi au ya mgeni? Ajaze fomu gani ya msaada, ya jimbo au yenu? Kesi ikibadilisha sheria katikati ya mwaka, atamalizia kwa ada ipi? Kisha omba jibu kwa barua pepe.

Mama wa Atlanta alipiga chuo kimoja mara tatu. Wa kwanza kumpokea alimwambia binti hawezi kusoma chuo chochote cha Georgia, jambo ambalo si kweli. Wa pili akamwambia ajaze FAFSA tu, hakuna neno. Wa tatu alikuwa msichana wa zamu ya jioni, akashusha sauti, akamtajia ada ya mgeni mpaka senti, kisha akamwambia awaulize TheDream.US tarehe zao za maombi.